Mtoto wa Madrasa na Kitabu cha Kiingereza

(Hii ni mada iliyowasilishwa katika kikao cha wazazi na walimu wa madrasa, hapa Tanga, baada ya Swala ya Alasiri. Tumeichapa kama ilivyosomwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake, Maswahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.



Nimetakiwa nizungumzie watoto wetu wa darasa la tano, la sita na la saba, na somo la Kiingereza. Bila shaka wapo waliojiuliza kwa nini kazi hii akabidhiwe mtu ambaye masomo yake ya juu ameyapata kwa Kiarabu. Jibu ni kwamba suala lenyewe limezuka madrasa kabla ya kuzuka shuleni. Kila ifikapo Januari madaftari yetu ya mahudhurio huonyesha jambo lile lile: mtoto aliyeanza nasi akiwa na miaka 5, akavuka nusu ya msahafu, akiingia darasa la saba haonekani tena. Ukimuuliza mzazi wake, hukujibu kwa upole, "Ustadh, yuko tuisheni ya Kiingereza. Akimaliza mtihani atarudi." Wengi hawarudi.

Na upande wa pili wapo walezi, na baadhi yetu sisi maustadh tumo, wanaoona Kiingereza ni mlango wa ufisadi, na kwamba kila dakika anayopewa mtoto katika lugha hiyo imeporwa kutoka katika dini yake. Makundi haya mawili yanaonekana kuvutana, lakini kwa hakika yamekubaliana. Yote mawili yanaamini kuwa madrasa na Kiingereza havikai nyumba moja, na kwamba anayetaka hiki ni lazima akiache kile. Mimi sikubaliani na lolote kati ya hayo. Ninachokuja kukisema leo ni kwamba mtoto aliyesomeshwa Kiarabu sawasawa amekwisha kuvuka sehemu ngumu ya njia ya Kiingereza, ila hajui kuwa ameivuka, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Aliyepaswa kumwonyesha ni mimi na wewe, ustadh.

Katika hukumu sitakaa sana, kwa kuwa masheikh walioko mbele yangu wanaijua kuliko mimi. Imamu Tirmidhi na Imamu Abu Dawud wamepokea kisa cha Zayd bin Thabit (r.a), kijana wa Kiansari aliyekuwa na miaka 11 tu Mtume (s.a.w) alipohamia Madina. Huo ni umri wa mtoto wa darasa la tano. Katika mapokezi mengine imetajwa kuwa aliletwa mbele ya Mtume ikaelezwa kwamba amehifadhi sura zaidi ya kumi. Mtume akamwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa sababu hakuwa na imani nao katika barua zake. Zayd akayajifunza kwa muda wa nusu mwezi, kisha yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia Mtume barua za kwenda kwao na kumsomea zilizotoka kwao.

Katika kisa hiki naomba tutazame mambo mawili. Zayd hakuambiwa aziweke kando sura zake ili apate nafasi ya maandishi ya watu wengine, na sote tunajua kwamba ndiye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'an katika zama za Abubakar (r.a). Jambo la pili ni lengo la kujifunza kwake. Alitakiwa aisome barua na aelewe kilichomo, na aandike jibu likaeleweke huko liendako. Hakutakiwa apendeze masikio ya mtu kwa matamshi. Kipimo hicho kiwekeni akilini, kwa sababu nitakirudia.

Ama wanaosema kuwa hii ni lugha ya makafiri, wakumbuke kuwa Abu Jahl naye alikuwa Mwarabu fasaha. Na baada ya vita vya Badr, wale mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa walitakiwa wawafundishe watoto wa Kiansari kuandika. Walimu hao walikuwa washirikina, lakini herufi walizozifundisha hazikuwa na shirki ndani yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza Waislamu wa pwani wasibaki nyuma katika elimu, na huku akiwakemea kwa kuiga mienendo ya Wazungu. Aliyasema yote mawili kwa kalamu moja. Anayejinasibisha na islahi leo hapaswi kushindwa kuyabeba yote mawili.

Tuje kwenye hali halisi. Katika nchi yetu mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma kwa Kiswahili. Siku anapoingia kidato cha kwanza, hesabu, baiolojia, jiografia na historia vyote vinageuka kuwa Kiingereza. Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliusogeza mgeuko huo hadi darasa la tano kwa masomo ya hisabati na sayansi. Na sasa huku Bara, Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Februari 2025, imeelekeza elimu ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba. Maana yake ni kwamba mtoto atasimama mbele ya mlango wa kidato cha kwanza akiwa mdogo kwa mwaka mmoja kuliko kaka yake alivyokuwa.

Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 ulikuta kuwa takriban nusu ya watoto wanaomaliza shule ya msingi hawawezi kusoma hadithi fupi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili, na kwamba mmoja kati ya watano hawezi kusoma hata hadithi ya Kiswahili ya kiwango hicho. Miaka miwili baadaye ukaja mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambao katika matokeo yake ya awali zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, kabla Serikali haijayafuta matokeo hayo na kuyapanga upya. Sisemi kuwa lugha ndiyo sababu pekee. Maabara hazikuwepo, vitabu vilikuwa haba, na walimu walikuwa na malalamiko yao. Lakini mtoto asiyeelewa swali linauliza nini, hata maabara ya dhahabu haimfai. Na akiwa ni binti, mnajua nyinyi wenyewe nini hufuata nyumbani akionekana "shule imemshinda".

MTOTO ASOMAYE KWA MASIKIO

Kila ustadh aliyewahi kushika darasa la Juzuu Amma anamjua mtoto ninayetaka kumsimulia. Unamfungulia Suratun-Naba, anaanza, kidole kinatembea juu ya mstari, sauti yake nzuri, hakosei hata mahali pamoja. Unafurahi moyoni. Kisha unamfungulia ukurasa wa katikati ya msahafu ambao hajapata kuusikia, unamwonyesha mstari mmoja tu, naye ananyamaza. Kumbe hakuwa akisoma, alikuwa akikumbuka. Kidole kilipita juu ya herufi, lakini kilichomwongoza ni masikio yake.

Mtoto huyu huyu ndiye aliye darasani shuleni akiwa na kitabu cha Kiingereza. Binti mmoja wa darasa la sita alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chake bila kusita. Nikaifunika picha kwa kiganja, nikayaandika maneno manane ya ukurasa ule ule katika daftari, ila kwa mpangilio mwingine. Aliyatambua mawili. Nilipomuuliza ukurasa unaeleza nini, aliniambia kwa Kiswahili kuwa unaeleza habari za sokoni; na alikuwa amepatia, kwa sababu picha niliyoifunika ilikuwa ya soko. Binti huyu si mzito wa akili. Kinyume chake, ana hifdhi ya ajabu, na hifdhi hiyo ndiyo iliyomficha asionekane. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani, wanaoitikia kwa pamoja kila sentensi anayoitaja, hawezi kumgundua. Simlaumu mwalimu huyo. Lakini tuisheni anayopelekewa binti huyu, mara nyingi, ni kuitikia kule kule, kwa ada.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo baina ya vitabu viwili hivi, na ni wajibu wetu kuisema kwa uwazi. Msomaji wa Qur'an anapata ujira kwa kila herufi hata kama hajafahamu maana, ingawa kufahamu ndiyo lengo la juu. Kiingereza hakina thawabu ya herufi. Ukurasa wa Kiingereza uliosomwa bila kueleweka haukumpa mtoto chochote, si duniani wala akhera. Kwa hiyo desturi tuliyoizoea madrasa, ya mtoto kuhifadhi kwanza na maana kumjia ukubwani, haiwezi kuhamishiwa huko. Katika Kiingereza maana ni lazima ije siku ile ile.

Mzazi asiyejua neno moja la Kiingereza anaweza kumpima mwanawe kwa dakika tano. Amwambie afungue ukurasa wowote. Afunike picha. Amwonyeshe maneno kwa kurukaruka, hili la chini, lile la juu. Kisha afunge kitabu na amwambie, "Nisimulie kwa Kiswahili ulichokisoma." Akishindwa kusimulia, basi hajasoma, hata kama sauti yake ilikuwa tamu kama kinanda.

Na jambo hili lianzie mbali zaidi. Mtoto wa darasa la tano asiyeweza kusoma kwa ufasaha tangazo la Kiswahili lililobandikwa mlangoni mwa msikiti asisukumwe kwenye Kiingereza hata kama mtihani uko karibu. Apewe Kiswahili kwanza, mwezi mmoja au miwili, kila siku ukurasa mmoja, kwa sauti, na asimulie. Anayejua kuitafuta maana katika lugha ya mama yake atajua kuitafuta katika lugha nyingine. Kuna wazazi wanaoona kuwa hili ni kupoteza muda. Wenye kupoteza muda ni wale wanaojenga ghorofa ya pili kabla ya ya kwanza.

KILE ALICHOBEBA KUTOKA MADRASA

Sasa nizungumze na maustadh, kwa kuwa hii ni kazi yetu. Mtoto wa Kiswahili anapokutana na Kiingereza hushtushwa na jambo moja kabla ya yote: kinachoandikwa sicho kinachosomwa. Kiswahili chetu ni lugha nyoofu. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti moja, leo na kesho. Kiingereza kina irabu tano za kuandika, lakini sauti zake za irabu zinakaribia ishirini. Mtoto anaona "made" anasoma ma-de. Anaona "knife" anasoma k-ni-fe. Mwalimu anasema siyo, na mtoto anahitimisha kuwa lugha hii haina kanuni, dawa yake ni kukariri.

Lakini mtoto wa madrasa jambo hili si geni kwake! Alipokuwa na miaka saba alifundishwa kuwa katika neno "ash-shams" lamu imeandikwa na haisomwi, na katika "al-qamar" lamu ile ile inasomwa. Alizijua herufi 14 za shamsiya na 14 za qamariya. Aliona alifu iliyoandikwa mwishoni mwa "qaaluu" na akaambiwa aipite bila kuitamka. Hakulia wala hakusema kuwa Kiarabu hakina kanuni. Basi mwambieni tu: "Mwanangu, ile k ya 'knife' na ile w ya 'write' ni kama lamu shamsiya, zipo machoni lakini hazipo ulimini." Nimeona watoto wakicheka kwa furaha wanapoambiwa hivyo, kama mtu aliyekutana ugenini na jirani yake.

Vivyo hivyo ile e ya mwisho. "Mad" na "made", "kit" na "kite", "hop" na "hope". E yenyewe haitamkwi, lakini kuwepo kwake kumeibadilisha irabu iliyotangulia. Mtoto aliyefundishwa kuwa herufi inayofuata inaweza kubadilisha hukumu ya herufi iliyo kabla yake, kama nuni sakina inavyobadilika kwa herufi inayoifuata, ana akili iliyokwisha kuandaliwa kwa jambo hili. Mpe jozi kumi za namna hiyo ubaoni, azisome wima na ulalo, na asipewe kanuni nyingine mpaka hii imekaa.

Matamshi nayo. Herufi ya tha na ya dhal tumewasumbua nayo kwa miaka: ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya mbele ya juu. Sauti hizo ndizo za "think" na "this". Watoto wengi wa bara husema "sinki" na "zisi", kama wanavyosema selasini na zahabu. Mtoto wako aliyepitia makharij hana tatizo hilo, na anastahili kuambiwa kuwa hana. Na kuhusu "ship" na "sheep", ambayo huwachanganya watu wazima, yeye anajua kuwa "kataba" siyo "kaataba", na kwamba kurefusha sauti kunageuza maana. Ni kweli kuwa katika Kiingereza tofauti si ya urefu peke yake, mdomo nao hubadilika kidogo, lakini mlango wa kuingilia ameupata.

Nahau ndiyo hazina kubwa zaidi, na ndiyo tunayoitumia kidogo zaidi. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi: baba anapika, mama anapika. Ndiyo maana hata wasomi wetu huteleza wakamwita mama "he". Mtoto aliyesoma huwa na hiya ana vyumba viwili tayari kichwani. Kilichobaki ni kubandika majina mapya milangoni. Kiswahili hakina kiambishi cha kujulisha. Tunasema kitabu, basi. Kiingereza kinadai "a book" au "the book", na walimu wa shule hutumia wiki nzima kulieleza jambo hilo watoto wasilielewe. Mtoto wa madrasa muulize tofauti ya "kitaabun" na "al-kitaabu". Atakwambia tanwini ni kitabu chochote na alifu lamu ni kile tunachokijua. Mwambie, "Basi 'a' ni kama tanwini, na 'the' ni kama alifu lamu." Somo la wiki limekwisha kabla ya adhana. Si kwamba yanalingana kila mahali, kwani Waarabu huweka alifu lamu mahali ambapo Waingereza hawaweki kitu, lakini hayo ni ya baadaye.

Nisije nikatia chumvi. Yapo mambo ambayo Kiarabu hakitamsaidia. Hakuna tajwidi itakayoeleza kwa nini "though", "through" na "enough" zinafanana mwisho kwa macho na kuachana kwa sauti. Hayo ni ya kuzoea, na dawa ya kuzoea ni kusoma sana vitu vyepesi. Pia mtoto aliyezoea kuanzia kulia huchanganya b na d kwa muda. Avumiliwe.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Wengi wetu tuliojifunza Kiarabu tukiwa watu wazima tulipitia vitabu vya Durusul Lugha, alivyovitunga Dkt. V. Abdur Rahim, mwanachuoni kutoka India aliyefariki mwaka 2023, kwa ajili ya wanafunzi wasio Waarabu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Wote tunakumbuka vinavyoanza: unakionyesha kitu kwa "haadhaa" na kukitaja. Maneno machache, ya vitu vinavyoonekana, yakirudiwa katika sentensi nyingi, na kanuni moja tu mpya kwa kila somo, ambayo inakuja baada ya mwanafunzi kuwa ameitumia tayari. Hatukupewa orodha ya maneno mia tuihifadhi. Basi kwa nini tuwape watoto wetu orodha hizo katika Kiingereza? Maneno matano kwa siku yanatosha, ikiwa kila neno litaingia katika sentensi tatu na mtoto mwenyewe atatunga ya nne.

Kiswahili kisifukuzwe darasani. Katika kiwango hiki mtoto asome kwa Kiingereza, aulizwe kwa Kiswahili, na ajibu kwa Kiswahili, mpaka ieleweke kuwa ameelewa. Kisha maswali yale yale yageuzwe Kiingereza. Zipo shule zinazomvisha kibao shingoni mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili, akazunguka nacho mchana kutwa wenzake wakimcheka. Huu ni upungufu wa adabu. Allah (s.w) ametaja katika Suratur-Rum kuwa kutofautiana kwa lugha zetu ni katika ishara Zake, vipi basi mtoto aadhibiwe kwa ulimi aliopewa na mama yake?

Na fimbo nayo, maustadh wenzangu, tuseme ukweli. Lugha ni ulimi, na mwenye hofu ulimi wake hukauka. Mtoto akikosea makhraj tunamwambia "rudia", akarudia, tukaendelea. Katika Kiingereza iwe hivyo hivyo. Anayemcheka mwenzake ndiye anayestahili kukemewa.

Kuandika kusisahauliwe. Kila siku sentensi tatu za imla, za maneno aliyokwisha kuyasoma, na ayasahihishe mwenyewe kwa kuangalia kitabu. Mwisho wa wiki aandike barua fupi ya kweli, kwa mjomba au shangazi, ya sentensi tano tu. Kumbukeni Zayd: barua isomwe ieleweke, na jibu liandikwe lieleweke.

Kuhusu vitabu, ni kweli kuwa hadithi nyingi za watoto zilizoandikwa Ulaya zimejaa sherehe na mila zisizokuwa zetu. Nimesikia pendekezo kuwa vyote vipigwe marufuku. Mimi naona tuchague. Hadithi ya kondoo na mchungaji haimtii mtoto ukafiri. Lakini kilicho bora zaidi ni kuandika wenyewe. Karatasi moja yenye sentensi kumi kuhusu ngalawa zinazorudi asubuhi, bei ya dagaa, mvua iliyovuja msikitini, au safari ya basi la Pangani, mtoto ataielewa kwa wepesi kuliko habari za theluji, kwa kuwa mambo yenyewe anayajua na kilichobaki ni maneno tu. Maalimu wa shule walio katika jamaa yetu wanaweza kutuandikia karatasi mbili kwa wiki na mashine ya kutolea nakala haiko mbali.

Neno moja kwa wazazi wenye uwezo. Siwalaumu waliowapeleka watoto katika shule za mchepuo wa Kiingereza. Ila wasidanganyike na mtoto anayewasalimia wageni "Good morning" saa kumi jioni. Wampime kwa kipimo kile kile cha kufunika picha. Nimekutana na watoto wa shule hizo wanaozungumza Kiingereza kwa kasi na hawawezi kuandika aya moja kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwa kimechujuka na Kiarabu hakijaanza. Ada imelipwa, na lugha tatu zimepotea.

Ninachopendekeza kwa kikao hiki ni kidogo. Watoto wa darasa la tano hadi la saba wasiondoke madrasa. Siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, baada ya somo la Qur'an kukamilika na bila kupunguza hata aya moja ya hifdhi, tuongeze dakika 40 za kusoma Kiingereza kwa namna niliyoieleza. Waketi watano watano, kila kundi karatasi moja, na aliyeelewa amfahamishe asiyeelewa. Mabinti wawe na ustadha wao. Ustadh asiyejua Kiingereza asione haya. Aketi nyuma na daftari lake ajifunze pamoja na watoto, na hapo atakapoona mahali pa kutaja lamu shamsiya au tanwini, ainue mkono, maana mahali hapo yeye ndiye mwalimu. Mzazi atakayetaka kumtoa mtoto kwa ajili ya tuisheni atupe kwanza miezi mitatu. Ikifika mwisho wa miezi hiyo tutamkalisha mtoto mbele ya baba na mama yake, tumpe ukurasa ambao hajapata kuuona, picha ikiwa imefunikwa, asome na asimulie. Baada ya hapo mzazi ataamua.

Chaki na ubao vipo. Walimu wawili wa shule ya msingi, mume na mke, wamekwisha kukubali kujitolea kwa kuanzia. Kinachotakiwa ni idhini yenu, na majina ya watoto yaorodheshwe kwa katibu kabla ya Magharibi, ili Jumamosi hii tujue tunahitaji karatasi ngapi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.